Darasa la fasihi ya Kimarekani: kwa nini mtoto aliyemaliza kitabu bado anapata C

Mama mmoja wa kutoka Uvira, Kongo, alinipa simu yake nimsomee. Kwenye kioo palikuwa na alama za kijana wake wa darasa la 11: hisabati A, kemia B, fasihi ya Kimarekani C. "Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto anasomaka mpaka usiku. Kitabu amekimaliza, hadithi yote alinisimulia mimi mwenyewe hapa nyumbani. Sasa hii C inatoka wapi?"

Nilisomea fasihi Tanzania, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa hapa Marekani kati ya wazazi wanaozungumza Kiswahili na walimu wa sekondari, nikifasiri huku na huku. Swali la mama huyo nimeulizwa na Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, na Wakenya, na Warundi, na Watanzania wenzangu. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi mtoto anayezungumziwa si mvivu hata kidogo. Amefanya yale ambayo shule zetu humsifia mwanafunzi kwa kuyafanya: amesoma, ameelewa, amekumbuka. Darasa la fasihi ya Kimarekani linaanzia pale ambapo yeye anadhani amemaliza.

Somo lenyewe

Sekondari ya Marekani ni miaka 4, kuanzia darasa la 9 hadi la 12, na Kiingereza kinasomwa miaka yote. Mwaka wa tatu, darasa la 11, mtoto akiwa na miaka 16 au 17, ndio ambao shule nyingi huutenga kwa fasihi ya Marekani yenyewe. Mwaka huo una uzito wa pekee. Mtoto anapoomba chuo mwanzoni mwa darasa la 12, alama za darasa la 11 ndizo alama za mwaka mzima za karibuni zaidi ambazo chuo kinaziona, na mwalimu wa Kiingereza wa mwaka huo ni mmoja wa wale ambao mara nyingi huombwa kumwandikia barua ya kumpendekeza.

Nchi hii haina mtaala mmoja wa taifa. Jimbo linaweka viwango, wilaya ya elimu inapanga vitabu, na wilaya hizo zinazidi 13,000. Majimbo mengi yalipokea viwango vya pamoja vilivyotolewa mwaka 2010, ambavyo vinataka mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 azifahamu kazi za msingi za Marekani za karne ya 18, ya 19 na mwanzo wa ya 20, na aweze kueleza jinsi kazi mbili za kipindi kimoja zinavyolishughulikia jambo moja. Texas na Virginia hazikuvipokea. Georgia, ambako familia nyingi za wakimbizi zimepangiwa makazi Clarkston na jirani zake, imekuwa na mtihani wake wa jimbo wa somo hili. Kwa hiyo vitabu vya mtoto wa dada yako aliyeko Texas vinaweza visifanane na vya mwanao hata kimoja, na wote wawili wakawa wanasoma kinachotakiwa.

Neno silabasi nalo humpoteza mzazi. Kwetu muhtasari wa somo unatoka Taasisi ya Elimu, na wa Bukoba ni uleule wa Mtwara. Hapa silabasi ni karatasi ya mwalimu mmoja kwa darasa lake, hutolewa wiki ya kwanza, na nguvu yake inakaribia ya mkataba. Ndani yake mnaandikwa kila aina ya kazi ina uzito gani katika alama, kazi iliyochelewa inakatwa kiasi gani, ni vitabu gani vitasomwa, na udanganyifu utaadhibiwaje. Mzazi hutakiwa kutia sahihi. Wengi wetu tunatia sahihi tukiwa tumesimama mlangoni, mtoto kashika begi, anasema "hapa chini tu, mama." Naomba karatasi hiyo isomwe, hata kama itabidi kutafuta mtu wa kuisoma naye. Karibu kila ugomvi wa alama nilioufasiri mwezi wa tano ulikuwa umeshaamuliwa humo mwezi wa nane.

C ilitoka wapi

Tulikaa na kijana mezani tukafungua alama moja moja. Kazi mbili zilikuwa na sifuri. Kumbe alizifanya, tena vizuri, kwenye daftari lake, akawa anasubiri mwalimu apite kukusanya madaftari. Mwalimu hakupita, kwa sababu kazi zinawasilishwa kwenye mfumo wa mtandaoni, Canvas au Google Classroom, kabla ya saa iliyowekwa, na saa hiyo mara nyingi ni 5:59 usiku kwa kuhesabu kwetu. Baada ya hapo mlango unafungwa, au unaachwa wazi kwa kukatwa alama.

Sifuri inaumiza kuliko watu wanavyodhani. Chukua kazi 10 zenye uzito sawa. Mtoto kapata 90 katika kazi 8, na mbili hakuwasilisha. Jumla ni 720, wastani 72. Katika shule nyingi 90 na kuendelea ni A, 80 na kuendelea ni B, 70 na kuendelea ni C. Mtoto wa kiwango cha A kaonekana wa C. Angewasilisha zile mbili zikiwa mbovu, akapata 50 kila moja, jumla ingekuwa 820 na wastani 82, yaani B. Kwa hiyo kazi nusu iliyowasilishwa ina thamani kubwa mno kuliko kazi nzuri iliyobaki kwenye daftari.

Hapa ndipo mazoea yetu yanapotugharimu. Sisi tumelelewa na mtihani wa mwisho. Kidato cha nne Tanzania, KCSE Kenya, mtihani wa serikali Kongo: mwanafunzi anaweza kuyumba mwaka mzima, akakesha miezi miwili ya mwisho, akapasua, na ni wachache watakaouliza alikuwa akifanya nini mwezi wa tatu. Darasa la Marekani linahesabu kuanzia wiki ya kwanza na halisahau. Ipo kazi ya kusoma kurasa 20 usiku, lipo jaribio la maswali matano asubuhi la kuona nani alisoma, yapo maandishi mafupi ya dakika 10, yapo majadiliano, ipo rasimu ya insha, ipo insha yenyewe. Hata pakiwa na mtihani wa kufunga muhula, aghalabu unabeba sehemu ndogo tu ya alama. Mtoto anayengoja kujiokoa mwishoni hukuta alama zimeshagawiwa.

Zile sifuri mbili zilikuwa sehemu tu ya habari. Insha yake ilikuwa na 68, na pembeni mwalimu aliandika maneno ambayo kijana alikuwa hajayaelewa: umesimulia, hukuchambua.

Dai

Kwetu swali la fasihi linakuja hivi: kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma, jadili jinsi waandishi walivyoishughulikia rushwa, hoja tatu kwa kila kitabu. Mwanafunzi anajua la kufanya. Anatoa dhamira, anataja mhusika, anaeleza tukio, anahamia hoja ya pili. Msahihishaji ana mwongozo, anatia vema. Nilifaulu kwa njia hiyo na siidharau. Ilinifundisha kusoma kitabu mpaka nikakijua kwa majina na matukio. Lakini jibu namna hiyo lilikuwepo tayari kabla sijakaa kwenye dawati. Kazi yangu ilikuwa kulifikia.

Mwalimu wa hapa anataka jibu ambalo halikuwepo. Analiita dai: sentensi moja au mbili, mwanzoni mwa insha, zinazosema jambo kuhusu kitabu ambalo mtu mwingine aliyekisoma kitabu hichohicho anaweza kulipinga. Kama hakuna awezaye kulipinga, si dai, ni taarifa.

Nitumie kitabu alichokuwa akisoma kijana huyo. The Crucible ni tamthiliya ya Arthur Miller ya mwaka 1953, na ni miongoni mwa kazi zinazofundishwa sana katika darasa hili. Inahusu kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akauawa kwa kugandamizwa kwa mawe. Aliyekiri kuwa mchawi aliachwa hai, aliyekataa alinyongwa. Miller aliiandika wakati Marekani ilipokuwa ikisaka wakomunisti, watu wakiitwa mbele ya kamati za bunge na kushurutishwa kutaja majina ya wenzao, na yeye mwenyewe aliitwa mwaka 1956. Mwishoni mwa mchezo, mkulima John Proctor anakubali kukiri uongo ili aokoe maisha yake. Anasema kwa mdomo. Anatia hata sahihi. Lakini wanapotaka kuichukua karatasi wakaionyeshe kijiji, anaing'ang'ania, anaichana, na kwenda kunyongwa.

Kijana aliandika: "Katika tamthiliya hii mwandishi anazungumzia uchawi, uongo na ujasiri." Kila neno ni kweli, na hakuna wa kubisha. Ndiyo sababu haikumpatia kitu. Nikamuuliza: wewe unaona kwa nini alikubali kusema, lakini akakataa karatasi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa sababu maneno yanapita. Karatasi wataishika, wataonyesha wengine kwamba hata Proctor alikubali, na wale waliokataa wataonekana wajinga waliokufa bure."

Hilo ni dai. Tuliliandika: Proctor yuko tayari kudanganya kwa ajili ya maisha yake mwenyewe, lakini anakataa uongo wake ugeuzwe silaha dhidi ya wenzake, na hivyo Miller anaonyesha kwamba jina la mtu ni mali ya jamii yake kabla ya kuwa mali yake. Mwanafunzi mwingine anaweza kusimama akasema la, Proctor alikuwa na kiburi tu, alijali sifa yake. Basi mjadala umeanza, na insha imepata kazi ya kufanya.

Baada ya dai kunakuja ushahidi, yaani maneno ya kitabu yenyewe yaliyonukuliwa neno kwa neno, kisha jina la mwandishi na namba ya ukurasa kwenye mabano. Halafu kinakuja kile ambacho watoto wetu hukiruka: ufafanuzi. Nukuu haijisemei. Mwanafunzi lazima aeleze neno fulani ndani ya nukuu linafanya nini, na linalisaidiaje dai lake. Mimi huwaambia vijana wapime kwa macho: ufafanuzi uwe mrefu kuliko nukuu, ikiwezekana mara mbili. Ukiona aya yako ina nukuu ya mistari minne na ufafanuzi wa mstari mmoja, umemwachia Miller aandike insha yako.

Kuhusu muundo sitakaa sana, kwa kuwa unajifunzika kwa jioni moja: mtindo unaotumika unaitwa MLA, pambizo za inchi moja, herufi za ukubwa wa 12, mistari yenye nafasi mbili, jina la ukoo na namba ya ukurasa juu kulia, na orodha ya vitabu vilivyotumika mwishoni. Alama za kupotea hapo ni za kusikitisha kwa sababu hazihitaji kipaji.

Afadhali nitumie nafasi hiyo kusema hili: insha hutolewa pamoja na jedwali la vigezo, linaloonyesha dai la alama 4 linafananaje na dai la alama 2. Mwanafunzi hupewa jedwali hilo kabla ya kuandika. Yaani anapewa mwongozo wa msahihishaji mkononi. Kwetu tungeuita mtihani uliovuja, na pengine ndiyo maana watoto wetu hawaligusi. Nimeona vijana wengi wakilipokea, wakaliweka kwenye begi, wasilitazame tena.

Vitabu vinavyokuja, na mahali mtoto wetu ana cha kusema

Walimu wengi hufuata mpangilio wa nyakati. Wanaanza na masimulizi ya wenyeji wa asili, kama hadithi ya uumbaji ya Wahaudenosaunee. Wanaingia kwa Wapuritani na mahubiri ya Jonathan Edwards ya mwaka 1741, kisha Azimio la Uhuru la 1776. Halafu karne ya 19 na insha za Emerson na Thoreau, mashairi ya Whitman na Dickinson, masimulizi ya waliokuwa watumwa. Karne ya 20 huleta The Great Gatsby ya Fitzgerald ya 1925, mashairi ya Langston Hughes na waandishi wa Harlem, riwaya ya Zora Neale Hurston ya 1937, tamthiliya ya Lorraine Hansberry ya 1959. Walimu wengine huacha nyakati wakapanga kwa swali, na swali linalopendwa zaidi ni la ndoto ya Kimarekani: ni ya nani, na nani anaachwa nje?

Wazazi huniambia kwamba watoto wao wameanza nyuma kwa sababu hawajui historia hii. Ni kweli kwa sehemu. Jina la Lincoln linalomaanisha mengi kwa mtoto wa Ohio halimwambii chochote mtoto aliyefika mwaka juzi kutoka Kigoma, na historia hiyo inabidi aitafute. Lakini kuna kurasa ambazo mtoto wetu anaziingia kwa mlango ambao wenzake hawana. Darasani Salem ni jambo la kale na la ajabu. Mtoto aliyekulia mahali ambapo bibi kizee anaweza kuitwa mchawi kwa sababu ya shamba lake au macho yake mekundu anajua tuhuma ya namna hiyo inavyotembea: nani anaianza, nani ananyamaza, nani anafaidika na shamba. Masimulizi ya uumbaji vilevile. Aliyekaa miguuni kwa bibi akiitikia hadithi anajua kwamba masimulizi ya mdomo yana fundi wake, yana takriri yake, yana kiitikio kinachowafunga wasikilizaji. Mwenzake anaona ukurasa mfupi wenye maneno yanayojirudia.

Frederick Douglass, katika kitabu chake cha 1845, anasimulia jinsi bibi wa nyumba huko Baltimore alivyoanza kumfundisha herufi, mume akamkataza, na yeye akaendelea kujifunza kwa siri kwa wavulana wa Kizungu wa mtaani, akiwapa mkate nao wakimpa masomo. Nilisoma ukurasa huo pamoja na msichana aliyejifunza Kiingereza kwa katuni na kwa kuuliza wauzaji dukani. Hakuhitaji maelezo yangu.

Na yupo Hemingway. Alikuja Afrika Mashariki kuwinda, na mwaka 1936 akachapisha hadithi fupi ya Mmarekani anayekufa kwa kidonda kilichooza, kambini, Kilimanjaro ikiwa imesimama mwisho wa hadithi. Vitabu vya kiada huuliza kuhusu mlima, theluji na kifo. Kijana wa Moshi angeweza kuuliza jingine: mhudumu anayeitwa Molo, anayeletewa amri ya kuleta wiski, anajibu "Yes, Bwana," na ni nini kingine anachosema? Katika nchi yake mwenyewe, chini ya mlima wake, ana maneno mangapi? Hilo ni dai linalongoja kuandikwa, na katika darasa la Nebraska pengine hakuna mwingine wa kuliona. Wala si kumtukana mwandishi. Ni kumsoma kwa makini.

Tatizo ni kwamba watoto wetu huogopa kuyaleta haya. Wanadhani mwalimu anataka majibu ya Kimarekani.

Kunyamaza

Kosa la tatu katika ile C lilikuwa ushiriki: alama 40 kati ya 100. Kijana hakuwahi kuinua mkono. Kuna siku darasa hukaa duara, wanafunzi wakajadili kitabu wenyewe kwa wenyewe kwa kipindi kizima, mwalimu akiwa pembeni anaandika nani kasema nini. Wanaiita semina ya Kisokrati. Kijana alikaa duarani dakika 45, mgongo wima, mikono mezani, macho chini.

Mama yake aliposikia alishangaa. "Anyamaze mbele ya mwalimu, si ndivyo nilivyomfundisha?" Ndivyo hasa, na alimfundisha vema. Kwetu mtoto anayemkatiza mkubwa hana adabu, na anayembishia mwalimu anatafuta fimbo. Mwalimu wa hapa, naye bila ubaya, anatazama macho yaliyoinamishwa na kusoma: hajasoma kitabu, au hajali. Wawili hao wanaheshimiana kwa lugha mbili tofauti. Sipendi kumwambia mtoto aache adabu ya nyumbani, na siamini kwamba inabidi. Ninachomwambia ni kwamba katika chumba kile kuongea ndiko kunakohesabiwa kuwa heshima, na kumpinga mwenzako kwa ukurasa uliofunguliwa si utovu wa adabu.

Kuna njia ya kuingia kidogo kidogo. Mwambie aandike maswali mawili na nukuu moja kwenye karatasi usiku wa kuamkia semina, na aazimie kusema mapema, kwa sababu kadiri anavyochelewa ndivyo yale aliyoyaandaa yanavyosemwa na wengine. Kuuliza swali ni kushiriki. Kuongezea alichosema mwenzake ni kushiriki. Na akimweleza mwalimu faraghani kwamba lugha inamwia nzito, wengi humruhusu aanze kwa kuandika au kwa kikundi cha watu watatu. Kijana wetu alianza kwa swali moja kwa semina.

Maneno ya nani?

Hapa naomba mzazi asome polepole, maana adhabu yake ni kali. Kuchukua sentensi za mtu, za kitabu cha uchambuzi, za tovuti, au za rafiki, na kuziweka kwenye insha bila kuonyesha zilikotoka ni wizi wa maandishi. Kwetu kukariri maneno ya mwalimu na kuyarudisha neno kwa neno ni kipimo cha usikivu. Hapa kunaweza kuleta sifuri na wito wa ofisini. Shule nyingi hupitisha insha kwenye programu kama Turnitin inayolinganisha maandishi na mengine yaliyopo.

Akili bandia imeongeza ugumu. Kila mwalimu ana sheria yake: mmoja anaruhusu kuitumia kutafuta mawazo, mwingine anaikataza kabisa. Swali la pekee kwa watoto wetu ni tafsiri. Mwanafunzi anayeandika aya kwa Kiswahili au Kifaransa kisha akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri anaweza kuona hajaiba kitu, mawazo ni yake. Mwalimu anaweza kuona vingine. Aulize kabla, kwa maandishi, atunze jibu.

Pia atunze rasimu zote, na aandikie kwenye hati ya mtandaoni inayohifadhi historia ya kila badiliko. Utafiti wa watu wa Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba programu za kugundua maandishi ya akili bandia ziliwasingizia wasiozaliwa na Kiingereza: zaidi ya nusu ya insha zao halisi zilidhaniwa zimeandikwa na mashine. Mtoto anayetuhumiwa bila kosa anahitaji kuonyesha njia aliyopitia. Naikumbuka kila mara habari ya Phillis Wheatley, ambaye naye yumo katika darasa hili. Aliletwa Boston mwaka 1761 kutoka Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka 7 au 8, mtumwa, akapewa jina la meli iliyomleta. Diwani yake ilichapishwa London mwaka 1773 ikiwa na tamko mbele, lililotiwa sahihi na waheshimiwa wa Boston akiwemo gavana, kuthibitisha kwamba msichana huyu aliyaandika mashairi yake mwenyewe. Bila hizo sahihi, nani angeamini?

Haki ambazo hazitangazwi sana

Mtoto anayejifunza Kiingereza hawezi kunyimwa somo hili kwa sababu ya lugha. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba kumweka mtoto katika darasa asilolielewa bila msaada wowote ni kumnyima elimu. Kwa hiyo omba msaada: muda wa ziada, kamusi ya lugha mbili, maandishi yaliyorekodiwa kwa sauti ili asome akisikiliza.

Ngazi nazo zinafaa kujulikana. Pamoja na darasa la kawaida, shule nyingi zina la juu zaidi, na lipo la AP (Advanced Placement), yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari, ambalo katika darasa la 11 mara nyingi ni AP ya lugha na uandishi wa Kiingereza. Mtihani wake hufanyika mwezi wa tano, alama zake ni 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia aliyepata alama za juu kuwa amekwisha kulipita somo la chuo. Nimeona vijana wenye vichwa vizuri wakibaki darasa la kawaida kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyejua kuna kuuliza.

Wazazi wa dini, Waislamu na Walokole, huniuliza kuhusu matusi na mambo ya uzinzi kwenye vitabu. Maswali hayo ni halali. Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain, ina tusi la kibaguzi kwa watu weusi zaidi ya mara 200, na mtoto mweusi anayeketi peke yake katika darasa la weupe likisomwa anaumia. Shule nyingi huruhusu kitabu mbadala mzazi akiomba kwa maandishi mapema. Ushauri wangu ni kukisoma kitabu kwanza, au kusomewa, kabla ya kukikataa, kwa kuwa vingine vinauonyesha uovu ili kuuhukumu.

Na mkutano wa mzazi na mwalimu: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaizuia shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kutokana nayo shule inapaswa kumpatia mzazi asiyejua Kiingereza mkalimani, bure. Sema unataka wa Kiswahili, na kama ni Kiswahili cha Kivu, kiseme hivyo. Usikubali mtoto akufasirie mkutano wake mwenyewe, nimewahi kusikia "hajawasilisha kazi sita" ikigeuka "anaendelea vizuri."

Ukifika, acha kuuliza "mtoto wangu anaendeleaje?" Jibu lake ni tabasamu. Omba uonyeshwe insha yake ya mwisho na jedwali la vigezo, uulize dai lake liko mstari gani. Uliza kama anaruhusiwa kuiandika upya. Walimu wengi wanaruhusu, na wanafunzi wengi hawajui. Mama wa Uvira aliuliza. Kijana alipewa wiki moja, akairudia insha ya Proctor kuanzia ile sentensi ya karatasi na sahihi, na usiku wa kuiwasilisha mama alikaa naye mezani mpaka alipoona kwa macho yake imepokelewa, saa 4 na nusu.